Ngao ya Jamii ilivyonilia mtaji 2023, na ninavyoiuzia sasa

Somo la leo ni refu, kwa hiyo kama uko kwenye daladala lisome kwa mafungu, na kama uko dukani subiri wateja wapungue.

Juzi niliuliza hapa nani anajiandaa kuuza bidhaa za Ngao ya Jamii. Inboksi ikafurika. Karibu wote mliniuliza kitu kimoja: "Dada, nichukue mzigo wa shilingi ngapi?" Swali zuri, nitalijibu huko chini. Ila lina kaka yake anayetakiwa kutangulia: huo mzigo utakuwa na thamani gani asubuhi baada ya mechi kuisha? Mwaka 2023 sikujiuliza hilo. Nilipoteza friji, na nikakosana na jirani yangu.

Kwanza wale msiofuatilia mpira, maana najua humu kuna wanaouza jezi na hawajui hata offside ni nini. Hakuna shida, biashara ni biashara. Ngao ya Jamii ni mashindano ya kufungua msimu, yanasimamiwa na TFF, na huchezwa kabla Ligi Kuu haijaanza. Ilianza 2001, na mechi ya kwanza ilikuwa Yanga na Simba. Kwa kawaida ilikuwa mechi moja tu: bingwa wa ligi dhidi ya bingwa wa Kombe la Shirikisho, na kama bingwa ni yuleyule wa makombe yote mawili, basi anacheza na aliyeshika nafasi ya pili. Mechi moja, dakika 90, kombe, kwisha.

Sasa kwa nini sisi wauza vitu mtandaoni inatuhusu? Kwa sababu inaangukia kwenye siku chache ambazo mashabiki wana hamu kuliko wakati wowote wa mwaka. Wametoka kukaa bila mpira. Usajili mpya umefanyika, kila mtu anataka kumwona mchezaji mpya. Jezi mpya zimetoka. Simba Day na Siku ya Mwananchi zinakuwa hapohapo karibu. Mtu ambaye mwezi Februari ukimwambia skafu elfu nane anakwambia hali ngumu, wiki hiyo anakuuliza tu umebakiwa na ngapi. Hiyo ndiyo utamu wake. Na ndiyo inayotuponza.

Twende 2023.

Mwaka ule TFF walibadilisha utaratibu. Badala ya mechi moja wakaweka timu nne: nusu fainali mbili, halafu fainali. Na badala ya Dar wakaipeleka Tanga, uwanja wa Mkwakwani. Timu zilikuwa Yanga, Simba, Azam na Singida Fountain Gate. Mimi nilipoona mechi nne badala ya moja, na mji ambao haujazoea kuwapata vigogo wote kwa wiki nzima, nikasema hii ndiyo ya kwangu. Wakati huo nilikuwa nauza kwa stetasi ya WhatsApp na ukurasa wangu wa Instagram, nguo za watoto zaidi, jezi kidogo.

Nilibeba skafu 60, nusu za kijani na njano, nusu za nyekundu na nyeupe. Za kawaida tu, hazina mwaka wala maneno. Nilizinunua 4,000 Kariakoo, nikawa nauza 8,000. Nikapanda basi, Chalinze, Segera, Tanga. Nikapata gesti ya elfu kumi na tano.

Agosti 9 Yanga wakamfunga Azam 2-0. Kesho yake Simba na Singida wakatoka bila kufungana, Simba wakapita kwa penalti. Skafu zinatoka vizuri, nilibaki na chache. Hapo ndipo akili ya biashara ikanijia, au niliyodhani ni akili. Nikapiga hesabu: Yanga ni mabingwa wa ligi, mabingwa wa Shirikisho, Ngao ya mwaka jana walichukua wao, wametoka kucheza fainali ya Shirikisho Afrika. Simba wamesumbuliwa na Singida mpaka penalti. Fainali ni Jumapili Agosti 13. Mtu atakayekuwa na fulana za "Bingwa Ngao ya Jamii 2023" filimbi inapopulizwa, huyo ndiye atakayekula.

Niwaambie ukweli mwingine: mimi ni Simba. Tangu utoto. Baba yangu alikuwa hali chakula Simba ikifungwa. Lakini nilijiambia biashara haina timu, na nilijisifu kwa hilo.

Nikampigia katibu wa kikoba chetu. Mkopo wa 1,000,000, miezi mitatu, narudisha 1,100,000. Wadhamini wawili, majirani zangu, walikubali kwa simu bila kuuliza sana kwa sababu nilikuwa nalipa vizuri siku zote. Nikaongeza 125,000 yangu. Nikamtumia hela fundi wa kuchapa Dar: fulana 150 za kijani, fulana 5,000, kuchapa 2,500. Jumla 1,125,000. Mzigo ukaja kwa basi Jumamosi usiku. Nilipanga kuuza 15,000 moja. Pigeni wenyewe hesabu niliyokuwa nayo kichwani nilipolala usiku ule.

Jumapili dakika 90 zikaisha 0-0. Penalti. Kipa wa Simba, Ally Salim, akadaka tatu. Tatu! Simba wakashinda 3-1.

Nilikuwa nje ya uwanja na mabegi mawili ya fulana za bingwa ambaye si bingwa. Watu wa Simba wanaruka, wananikumbatia, maana wananiona nalia wakadhani ni furaha. Timu yangu imechukua kombe na mimi natafuta pa kukaa.

Sasa somo lianze, maana hadithi za hasara kila mtu anazo.

Tazameni hizo bidhaa mbili nilizokuwa nazo pale Tanga. Skafu nilibaki na 6. Nikarudi nazo Dar, nikaziweka kabatini. Novemba 5 mwaka uleule Yanga wakamfunga Simba 5-1 kwenye ligi. Mnakumbuka wiki ile mji ulivyokuwa. Skafu zangu zilizobaki zilikuwa za kijani, zikaondoka siku mbili kwa bei ileile ya 8,000. Zilikaa miezi mitatu na hazikupungua thamani hata shilingi. Lakini fulana za bingwa, pamoja na watu wa Yanga kuwa na furaha ya kichaa wiki ile, hakuna aliyetaka hata moja. Nani avae fulana ya kombe alilolikosa?

Soko lilelile, mashabiki walewale, rangi zilezile, muuzaji yuleyule. Tofauti ni kwamba skafu haikuwa imefungwa na tarehe wala matokeo. Fulana nilikuwa nimeifunga na vyote viwili kwa wino. Kabla ya kuchapwa ilikuwa fulana ya kijani ya 5,000 ambayo ningeweza kumuuzia mtu yeyote. Nililipa 2,500 ya ziada ili kuiharibu.

Mzigo ule niliuondoa hivi. 90 niliwauzia mafundi ujenzi kwa 3,000, wavalie kazini. 35 kwa 2,000, sokoni, za kulalia. Halafu ikatokea jambo ambalo sikulifikiria kabisa: kijana mmoja wa Simba alikuja nyumbani kuuliza kama bado ninazo. Anataka kumvalisha shemeji yake wa Yanga siku ya harusi, utani tu. Akachukua moja kwa 5,000, akawaleta wenzake, zikaondoka 13. Watani wa jadi bwana! Kumbe mzigo uliokufa upande mmoja ulikuwa na soko upande wa pili, ila nilishachelewa, Oktoba ilikuwa imefika na nilishauza nyingi kwa mafundi. Kama ukikwama na mzigo wa namna hiyo, jaribu upande wa pili mapema, ndani ya wiki ya kwanza, wakati utani bado wa moto. 12 zilizobaki mpaka leo tunafagilia nazo banda la kuku.

Jumla niliyokusanya kwenye fulana ni 405,000. Hasara 720,000, weka riba ya kikoba 100,000, inakuwa 820,000. Faida ya skafu ukitoa nauli, gesti na kula haikufika hata laki moja. Mwezi wa tatu ulipofika sina hela ya kikoba. Na kikoba hakimfuati mkopaji tu, kinakata akiba za wadhamini. Jirani mmoja alikuwa anaweka ile akiba kwa ajili ya ada ya mwanawe anayeingia kidato cha kwanza Januari. Nikauza friji langu la barafu, lile lililokuwa linanipa hela ya mboga kila siku. Deni likaisha. Jirani alianza kuniitikia salamu baada ya miezi miwili, na sikumlaumu.

Kwa hiyo unaponiuliza "nichukue mzigo wa shilingi ngapi", jua ninapokujibu nakumbuka lile friji.

2024 sikutaka hata kusikia Ngao. Mume wangu ndiye aliyeniambia, si umeshalipa karo, kwa nini usirudi darasani? Nikakaa na daftari nikaandika kitu kimoja tu: nini kinaweza kuandaliwa bila kununua?

Jibu ni tangazo.

Hapa ndipo pa kushika kalamu. Binti wa shemeji yangu anajua kutumia programu za picha kwenye simu. Nikamwambia anitengenezee picha ya fulana ya bingwa, siyo fulana, picha. Moja ya kijani, moja nyekundu, moja ya bluu na nyeupe ya Azam, na moja ya Coastal Union, maana mwaka ule timu nne zilikuwa Yanga, Azam, Simba na Coastal. Nne zote zikakaa kwenye simu yangu. Gharama: soda na elfu tano ya kumshukuru mtoto. Tangazo la timu iliyofungwa unalifuta kwa kidole. Fulana ya timu iliyofungwa unalala nayo.

Halafu nikaenda kwa fundi wa kuchapa. Tukaelewana: mechi ikiisha namtumia idadi, yeye anachapa usiku uleule. Akaniambia kazi ya usiku ni 3,500, siyo 2,500. Wengi mngebishana hapo. Mimi nilikubali haraka, kwa sababu ile 1,000 ya ziada ndiyo bima yangu. Kisha nikaenda kwa muuza fulana wa jumla, nikachukua 40 za kawaida za rangi mbalimbali kwa 5,500 kwa makubaliano kwamba zisizochapwa zinarudi ndani ya siku tatu. Andika makubaliano hayo kwenye ujumbe wa simu, hata kama mnafahamiana. Hasa kama mnafahamiana.

Agosti 8 Yanga wakamtoa Simba 1-0, Azam wakamfunga Coastal 5-2 kule Zanzibar. Nikafuta picha mbili. Jumapili Agosti 11 fainali, Azam wakaanza kufunga, nikaandaa picha ya bluu. Halafu Yanga wakarudi, wakamaliza 4-1. Ingekuwa 2023, pale Azam walipoanza kufunga ningezimia. Safari hii nilikuwa nakula karanga.

Filimbi ya mwisho, nikaweka picha ya kijani stetasi: "Oda zinapokelewa mpaka saa nne usiku. 17,000. Lipa kwanza, unapata kesho." Zikaja oda 31, zote zimelipwa. Gharama yangu 9,000, faida 8,000 kila moja, 248,000. Tisa zilirudi kwa mwenyewe. Jumatatu na Jumanne boda akasambaza. Jumatano hakuna mtu aliyeuliza tena. Hata mmoja. Hamu ya fulana ya bingwa inaishi kama siku mbili, tatu ukibahatika. Ndiyo maana ukianza kuchapa Jumatano umechelewa, na ukichapa Jumamosi umecheza kamari.

Mapato makubwa zaidi hata hivyo hayakutoka kwenye fulana. Yalitoka kwenye jezi, na hasa jezi za watoto. Simba Day ilikuwa Agosti 3, Siku ya Mwananchi Agosti 4, nusu fainali tarehe 8, fainali tarehe 11. Siku tisa mfululizo za watu kutaka kuvaa. Wauzaji wengi wanakimbilia saizi za wakubwa, L na XL, kwa hiyo kila kona zipo. Mama anayetafuta jezi ya mtoto wa miaka sita anahangaika mji mzima. Mimi wateja wangu ni hao mama tangu zamani. Nikafungua oda Julai, nusu ya bei kama advansi, nikafunga tarehe moja Agosti. Oda 74, faida 5,000 kila jezi, 370,000. Ukijumlisha na za fulana ni 618,000. Bado sijafidia hasara ya 2023, nisiwadanganye, ila nilipata bila kukopa hata senti.

Jezi zenyewe nachukua kwa wakala anayetambuliwa na klabu, na risiti natunza. Najua mnachoenda kusema: faida ya jezi feki ni kubwa mara mbili. Ni kweli. Lakini Tume ya Ushindani, FCC, ndiyo inayosimamia Sheria ya Alama za Bidhaa, na mzigo wa bandia ukikamatwa unateketezwa. Na sisi wa mtandaoni tunaacha ushahidi wenyewe, picha, bei, namba ya simu, kila kitu kipo ukurasani. Nembo ya klabu usiiweke kwenye fulana yako bila ruhusa. Hata zile zangu za 2023 hazikuwa na nembo, rangi na maneno tu, lakini leo ningeuliza kwanza.

Sasa mtasema dada umeshakuwa mjanja. Ngoja 2025.

Kichwani nilikuwa nimeshajiwekea kwamba Ngao ni Agosti. 2022 ilikuwa Agosti 13. 2023 Agosti, 2024 Agosti. Nilishasahau kwamba 2021 ilichezwa Septemba 25. Basi mapema Julai nikafungua oda za watoto na kuandika kwa herufi kubwa: UTAPATA KABLA YA TAREHE 8 AGOSTI. Advansi 15,000. Watu 22 wakalipa, 330,000.

Na CHAN je? Nilijua kabisa Tanzania, Kenya na Uganda tunaandaa CHAN, mji mzima unajua, mechi ya ufunguzi ni Agosti 2 hapahapa kwa Mkapa. Sikuunganisha tu. Mashindano yalikwenda mpaka Agosti 30, msimu wetu ukasogea. Simba Day ikawa Septemba 10, Siku ya Mwananchi Septemba 12, Ngao Septemba 16. Na tena ikarudi kuwa mechi moja, Yanga na Simba, hakuna nusu fainali. Tarehe 8 Agosti imefika, jezi mpya nilizoahidi hazijatoka, na wazazi wananiuliza.

Kilichoniokoa ni kitu kidogo ambacho nilijifunza kwa yule jirani: advansi si hela yako. Ni hela ya mteja iliyolala kwako. Zile 330,000 zilikuwa kwenye laini tofauti ya simu, ambayo sinunulii hata umeme. Nikawaandikia wote 22 siku ileile, mmoja mmoja, kwa jina: msimu umesogea, nilikosea kuahidi tarehe, unataka kusubiri au nikurudishie? Tisa wakataka hela yao. Nikawarudishia 135,000 ndani ya saa moja, na makato ya kutuma nikalipa mimi. Mmoja akajibu "kumbe kuna wauzaji wa hivi", nikapiga picha ya ujumbe, nikaficha jina, nikaiweka stetasi. Septemba ilipofika, sita kati ya wale tisa walirudi.

Hebu fikiria kama ile hela ningekuwa nimenunulia mzigo. Watu tisa wangeniandika tapeli kwenye makundi yote ya wazazi wa shule, na mimi biashara yangu nzima iko kwenye hayo makundi.

Halafu ile ya Septemba 16 ilikuwa Jumanne. Yanga 1, Simba 0, Pacome akafunga. Picha yangu ya kijani ikapanda stetasi kama kawaida, oda zikawa 18 tu. Kesho yake ni siku ya kazi, watu walilala mapema, hakukuwa na lile shangwe la Jumapili. Kama ningekuwa nimechapa 40 kwa kufuata hesabu ya mwaka uliotangulia ningebaki na zaidi ya nusu. Kwa hiyo siku ya wiki nayo iangalieni, si tarehe tu.

Miaka mitatu mfululizo: 2023 timu nne Tanga, 2024 timu nne Dar na Zanzibar, 2025 timu mbili na mwezi mwingine. Wala si Ngao peke yake. Dabi ya ligi ya Machi 8, 2025 iliahirishwa siku ileile ya mchezo, ikaja kuchezwa Juni 25. Kuna watu walikuwa wameshapanga bidhaa barabarani. Sibishani hapa nani alikuwa na haki, hilo liacheni kwenye vijiwe. Nasema tu kwamba yule aliyekuwa ameandika tarehe kwenye kofia zake alipata hasara, na aliyekuwa na kofia za rangi tupu aliziuza Juni.

Haya, lile swali la mzigo wa shilingi ngapi.

Kama ni mara yako ya kwanza, nunua kwa hela ambayo ikipotea yote kodi ya chumba na ada haziguswi. Usikope kikoba kwa ajili ya mechi. Mkopo una tarehe yake na mechi ina tarehe yake, na hizo tarehe mbili hazijuani. Hela hiyo inunue vitu visivyo na mwaka wala neno "bingwa": skafu, bendera ndogo, vitambaa vya mkononi, za timu zote mbili kubwa kwa usawa, hata kama moyo wako uko upande mmoja. Hasa kama moyo wako uko upande mmoja. Mimi nilijifanya sina upenzi, nikaangukia upande wa pili kwa kujisifu, matokeo ni yaleyale. Vitu vyote vyenye jina, namba, mwaka au matokeo, hivyo ni vya oda iliyolipwa tu.

Tarehe ya kumwahidi mteja isiwe ya kalenda. Sema "siku tano baada ya jezi kutoka" au "kabla ya mechi ya Ngao". Inaonekana kitu kidogo, lakini ile sentensi ya herufi kubwa ya 2025 isingekuwa na tarehe 8, pengine nisingemrudishia mtu hata mmoja.

Na hapo katikati, wakati unasubiri, usikae. Ile Agosti ya CHAN mimi niliuza jezi za Taifa Stars za watoto kwa wale wale mama waliokuwa wanasubiri za Simba na Yanga. Stars walifika robo fainali, wakatolewa na Morocco. Sikupata kubwa, ila boda wangu hakukosa safari.

Mpaka leo ninapoandika, kwa msimu ujao sijanunua hata skafu moja. Naangalia kurasa za TFF na Bodi ya Ligi asubuhi kabla sijafungua ukurasa wangu. Daftari la oda liko wazi, lina majina 11, tisa ni saizi za watoto. Wenye maswali kuhusu yale makubaliano ya kurudisha fulana kwa muuza jumla, wekeni hapa chini, nitawaonyesha ujumbe wenyewe nilivyouandika.